Mguu wa Kulia Mbele ya Wakwe

Naomba msicheke kabla sijamaliza, kwa sababu kule juu ya Mraru kuna watu ambao hadi leo wakikutana na mimi hunitazama miguu kwanza ndipo wanitazame uso, na mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile nasikia masikio yanachemka. Nilimwangusha mama mkwe. Tena afadhali angekuwa mkwe tayari, lakini siku hiyo ndiyo alikuwa anaamua kama atakuwa mkwe wangu au la.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi msaidizi wa mifugo, ofisi yetu iko Voi, na nilikuwa nimepewa pikipiki ya serikali ya kuzungukia watu kuchanja ng'ombe. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, napenda kujua vitu ambavyo havina faida yoyote. Nikiona kuku wa nyumba moja wanalala wote wakiangalia upande mmoja, siondoki hapo mpaka nijue kwa nini (mwenye kuku anangoja sindano, mimi nachungulia kibanda).

Basi siku moja niko Miasenyi, nimekaa nje ya hoteli nakunywa chai, akaja askari na pikipiki, akasimama, akashusha mguu wa kushoto. Baadaye kidogo akaja mwalimu, naye kushoto. Nikaweka kikombe chini. Nikajiuliza, je, mimi huwa nashusha upi? Na ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikujua. Muda wote ule naendesha, nimesimama mbele ya kila boma, na sikuwa na habari na mguu wangu mwenyewe. Ikabidi niinuke, niwashe pikipiki, niende mpaka kwenye kona nisimame ndipo nijue, na watu wa hoteli wakadhani nakimbia bila kulipa chai. Ulikuwa wa kushoto.

Kuanzia hapo sikupata raha. Kila mwenye pikipiki niliyekutana naye nilimuuliza. Askari alinijibu kwa mkato, "Wa kulia uko kwa breki. Sasa nitashusha aje?" Mwalimu alifikiria sana, kisha akasema, "Wewe umeniharibia. Nilikuwa nasimama vizuri bila kufikiria, sasa nitaanguka." Nikadhani nimepata jibu, mpaka nilipomwona padre mmoja mzee wa misheni, mtu wa kuheshimiwa na kila mtu, akisimama mbele ya kanisa kwa utulivu kabisa, akashusha wa kulia. Nikamkimbilia. Akacheka, akasema yeye amefanya hivyo tangu ujana wake huko kwao. (Pikipiki yake ilikuwa ya zamani, ya Kiingereza, breki ya mguu iko kushoto na gia ziko kulia, kinyume na yangu. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nimeshaaibika.)

Sasa sikilizeni jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi. Mimi nimelelewa na nyanya. Ukimpa nyanya kitu kwa mkono wa kushoto, hata iwe kijiko tu, unachapwa huo mkono kisha unaanza upya. Kwa hiyo nilipomwona padre, nikasema, kumbe. Kumbe hii ni habari ya heshima. Mimi nafika kwenye ua wa mzee wa watu, na kitu cha kwanza ninachoweka kwenye udongo wake ni mguu wa kushoto? Nikaona haya kwa niaba ya wenye pikipiki wote wa wilaya. Nikaamua kwamba siku nitakayokwenda kwa kina Wakesho, nitashusha wa kulia.

Wakesho alikuwa msichana niliyetaka kumwoa, na naomba mwelewe kwamba nilimtaka sana, si mchezo, nilikuwa hata chakula kinanishinda. Baba yake hakuwa na neno. Mama yake ndiye alikuwa hajasema ndiyo. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtu wa kuulizauliza, akawa na wasiwasi kwamba labda akili haijatulia.

Siku ya posa ilikuwa Jumamosi. Mjomba wangu na wazee wetu walitangulia asubuhi na kibuyu kikubwa cha mbangara, ile pombe yetu ya miwa, kwa sababu kwetu huwezi kufungua mdomo kuhusu binti wa mtu kabla kibuyu hakijafika na kunywewa (wazee wa kanisa hupewa chai, lakini hata wao huangalia kama kibuyu kimejaa). Mimi nilikuwa na kazi, nikaambiwa nifuate baadaye.

Nikafika Mraru, nikaacha barabara ya Taveta, nikaanza kupanda kile kinjia cha mlimani, na hapo mbele nikamwona nani? Mama Wakesho mwenyewe, anatoka dukani na kikapu cha sukari na unga wa wageni, jua linamchoma. Ningepita? Nisingeweza kupita. Nikasimama (kushoto, kwa mazoea), nikamsalimu nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Mama, panda nikufikishe."

"Mimi na wewe, kiti kimoja?" akasema. "Watu watasema nini?"

"Watasema nimekusaidia, Mama."

Akafikiria jua, akafikiria wageni waliokuwa wanangoja chai, akapanda. Alikaa upande, kama mama zetu wote wanavyokaa, magoti yote mawili yametazama kushoto, kikapu mapajani. Na kwa sababu ya heshima hakunishika mimi hata kidogo. Mkono mmoja ulishika kikapu, wa pili ukashika chuma cha nyuma ya kiti. Tukapanda polepole, na nikaona moyo wake unalainika, kwa sababu aliniuliza habari za ng'ombe wa kule Salaita, nami nikamjibu bila kumuuliza chochote, jambo ambalo kwangu lilikuwa jihadi.

Tukaingia uani. Wazee wa pande zote wamekaa, wao kwa wetu, kibuyu kiko katikati, bado hakijafunguliwa. Wakesho amesimama mlangoni. Wote wakatabasamu kuona mkwe anamleta mkwe, mjomba akainuka nusu kwa furaha. Nikasema moyoni, sasa ndiyo sasa. Nikaondoa mguu wa kulia kwenye breki, nikaushusha kwa adabu zangu zote.

Ua wenyewe umeinamia kulia. Mguu ukatafuta ardhi, haikuwepo pale ilipotakiwa kuwepo. Pikipiki ikalalia kulia, na mtu aliyekaa ametazama kushoto, pikipiki ikilalia kulia, ana njia moja tu ya kwenda, nayo ni kinyumenyume. Mama hakupiga hata kelele. Nilisikia uzito umeondoka nyuma yangu, nikageuka, nikaona viatu vya mama mkwe viko juu kuliko kichwa chake, na unga unamshukia taratibu. Kwa bahati pale chini palikuwa na majani ya ng'ombe yaliyokatwa, hakuumia, namshukuru Mungu mpaka leo.

Ningeacha hapo ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini nikajaribu kumdaka, mkono wa kushoto ukaachia klachi, wa kulia ukapinda mafuta, na pikipiki ya serikali ikaruka na mimi juu yake mpaka katikati ya wazee, wakatawanyika, na nikakipasua kibuyu.

Mbangara inateremka uani, mbuzi mmoja ameshaanza kuonja. Mjomba akajifunika uso kwa kofia. Na mimi, badala ya kuomba msamaha, nikasimama pale nimelowa, nikaanza kueleza. Nikaeleza habari ya askari, ya mwalimu, ya padre, ya nyanya na mkono wa kushoto. Nikasema, "Wazee wangu, nilikuwa nashusha mguu wa heshima."

Baba yake Wakesho akainuka, akaisogelea pikipiki. Kisha akauliza, "Padre anashusha wa kulia kweli?" Mungu wangu, yule mzee naye alikuwa na ugonjwa kama wangu. Akaamuru pikipiki isimamishwe. Akaipanda, akashusha huu, akashusha ule. Mzee wa kanisa naye akapanda. Wakaanza kubishana, mwingine anasema ni mkono unaolima ndio unaoamua mguu, mwingine anasema ni mteremko, na mjomba akatoa uso kwenye kofia akaingia kwenye ubishi. Nikaanza kupata matumaini. Nikajisogeza karibu nichangie.

Hapo Mama Wakesho akatoka ndani. Alikuwa amebadilisha leso, lakini unga ulibaki kwenye nyusi. Aliyekuwa juu ya pikipiki akashuka.

"Baba," akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, "uliuliza askari?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukauliza mwalimu. Ukauliza padre."

"Ndiyo."

"Kati ya wote uliowauliza, ni nani alikuwa amekaa nyuma?"

Nilikuwa nimeuliza kila anayeendesha kutoka Miasenyi mpaka misheni, na haikunijia hata siku moja kumuuliza anayebebwa.

"Kwa sababu mimi ninayempeleka ni huyu," akasema, akimwonyesha Wakesho pale mlangoni, "na huyu atakaa nyuma yako maisha yake yote."

Wazee wakaangalia chini. Mimi nikaona ujinga wangu wote umewekwa mezani, nikatamani ua ule unimeze. Nikasema, "Nisamehe, Mama. Sikufikiria." Hilo ndilo neno la maana nililosema siku ile nzima. Akaniangalia, akapangusa nyusi, akasema twende tukatafute kibuyu kingine, na tukirudi nije kwa miguu, halafu ataona.

Nilirudi kwa miguu kutoka barabarani, nimebeba kibuyu mwenyewe, na akasema ndiyo.

Tangu siku hiyo nimeapa sitashusha mguu wowote, wa kulia wala wa kushoto, kabla sijamuuliza aliye nyuma. Mara ya kwanza kumbeba Wakesho tukiwa mtu na mkewe, tulikuwa tunateremka kwenda Voi, nikawa nauliza kwenye kila kona, "Umekaa vizuri? Nisimame? Nishushe upi?" Mwishowe akanizungushia mikono kiunoni, akasema, "Mume wangu, nimekaa vizuri. Angalia barabara."