Mgomba Mbele ya Gurudumu

Tairi la nyuma lilipasuka tukiwa tumeshaipita Muleba mjini, tunakwenda Kimwani kumzika mama mdogo. Mama, dada yake mkubwa, alikaa kiti cha mbele. Mazishi yalikuwa saa nane, na tangu tuondoke nyumbani Bilele alikuwa na ombi moja tu: amwone mdogo wake usoni kabla jeneza halijafungwa.

Mimi nilikuwa hoi. Siku mbili nilikuwa mtu wa kutumwa, mara turubai, mara viti, mara simu za ndugu.

Tairi la akiba lilikuwa chini ya mikungu sita ya ndizi. Huku kwetu huendi msibani mikono mitupu, na hakuna anayepakia ndizi akiwaza pancha. Nikaishusha mmoja mmoja. Nikakata matawi, nikayatandaza barabarani nyuma ya gari. Nikamteremsha Mama, nikamkalisha mbali na lami. Hadi hapo nilikuwa dereva mwenye akili zake.

Gari lilikuwa limeelekea mteremkoni. "Tafuta mawe uzuie magurudumu," Mama akasema.

Mawe yalikuwa kule bondeni. Hatua chache kutoka nilipokuwa ulilala mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Mhaya akikosa kitu hukimbilia mgomba: ndio kamba yetu, ndio sahani, ndio kiti. Nikakata vipande viwili kwa panga, nikavikaza mbele ya magurudumu ya mbele.

"Mawe yako mbali, Mama. Muda unakwenda."

"Muda uache uende. Gari lisiende."

Nililegeza nati kwanza, kama inavyotakiwa, kisha nikapandisha jeki. Nimevuta gurudumu tu, mgomba ukatema maji na kupondeka. Gari likateleza taratibu, likaanguka kutoka kwenye jeki, chuma kikakita kwenye lami. Mikono yangu ilipona kwa bahati. Jeki ikapinda, haikufaa tena.

Tulisubiri zaidi ya saa nzima mpaka lori likasimama. Dereva wake akautazama ule mgomba, akanitazama mimi, akashuka bondeni kuchukua mawe.

Tulifika wanaume wakisawazisha udongo kaburini, katikati ya migomba. Niliona aibu. Mjomba akanijia, uso umekunjamana.

"Wewe mtu mzima, unamcheleweshaje mama yako siku kama hii?"

Mama akawahi kujibu.

"Ni mimi. Nilizidiwa njiani, nikamwomba asimame nipumzike."

Wakampa pole, wakamletea kiti na maji. Mjomba akanishika bega, akanishukuru kwa kumtunza dada yake. Nilikuwa na grisi hadi viwikoni, na nilikuwa nimechoka mno kuwa mkweli. Nikasema asante.