Siku Niliyoiomba Mbamba Bay

Kupumzika ni kufanya nini hasa? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, na bado swali hili likinijia huwa sina jibu la kumpa mtu. Nilikozaliwa, juu huko kwenye milima ya Umatengo, mtu mzima akionekana amelala mchana majirani walikuja kumjulia hali. Mama yangu mzazi alikaa chini kwa sababu: alikaa kuchambua kahawa, alikaa kupepeta maharage, alikaa kanisani. Sikumbuki kumkuta amekaa tu. Mimi nami nimefika umri wa kuumwa magoti nikiwa naweza kulieleza darasa zima jinsi udongo wa mlimani unavyomomonyoka, lakini siwezi kueleza ninachotaka ninaposema nataka kupumzika. Ninachojua ni kwamba mwaka huo, likizo ya Desemba ilipokaribia, nilikitaka sana.

Nilimwambia mume wangu tukiwa mezani, mapema kabisa, asije akasema hakusikia. Nilisema twende Mbamba Bay, ziwani Nyasa, siku tatu, na katika siku hizo tatu anipe moja ya kukaa mchangani nisifanye lolote.

"Moja tu?" aliuliza.

"Moja tu."

"Hiyo ndogo, Mwalimu. Naiweka kwenye ratiba."

Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, aliinua macho kutoka kwenye sahani, akanitazama, akayashusha. Alikwisha kuzijua ratiba za baba yake.

Mume wangu ni mtu mwema, na nalisema hili mapema ili lisipotee katika hayo mengine. Ni meneja wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Msimu ukifika yeye ndiye anayeamua kijiji kipi kilete mzigo siku ipi, ili magunia yasirundikane nje mvua ikaja kuyakuta. Kazi hiyo anaiweza na watu wanamheshimu kwayo. Taabu ni kwamba akivua kofia ya kazi, kichwa kinabaki kilekile. Mwaka uliotangulia tulikwenda Dar es Salaam kwenye bustani moja ya michezo ya maji, ile yenye mabomba makubwa ambayo watoto huteleza ndani yake hadi bwawani. Mlangoni alipiga picha ramani ya mahali pale, akaisoma, akatupangia mchezo wa kwanza hadi wa mwisho kwa namna ambayo hatungerudi nyuma hata hatua moja. Tulipoketi kula chipsi alitusimamia na taulo begani.

"Kaeni, lakini mjue pale foleni imepungua."

"Baba, nateremka nini tena? Nimeteremka yote," binti alilalamika.

"La bluu bado."

Jioni binti alilala kwenye benchi, nywele zimelowa, kiatu kimoja mguuni, na baba yake akampiga picha akacheka kwa furaha ya kweli. Kwake siku ilikuwa imekamilika, kama ghala lililopokea mzigo wote kabla ya giza. Sikumlaumu. Kila mmoja wetu alilelewa na watu waliokuwa shambani kabla ya jua, na sikukuu tuliilima kama tulivyolima shamba.

Kwa hiyo tuliposhuka na basi kutoka Mbinga, tukizunguka kona baada ya kona hadi ziwa likajitokeza chini yetu na joto likaanza kuingia dirishani, nilikuwa nimejiandaa. Ratiba ilikuwa imetumwa tangu Jumatatu kwenye kundi la familia katika simu, kundi la watu watatu ambalo yeye ndiye msimamizi. Niliipitia haraka na kuliona neno "mapumziko" kwenye siku ya tatu. Nikaridhika, nikaiweka simu mkobani.

Siku ya kwanza tulikwenda bandarini kuangalia meli, tukapanda kilima kupiga picha, tukarudi kula. Siku ya pili tulichukua boti hadi kwenye kisiwa kidogo, tukawaona wale samaki wa rangi, bluu na manjano, ambao watu wa mbali huwafuga kwenye vioo. Binti aliinama ukingoni mwa boti, akautia mkono wote majini, akatulia kabisa. Nadhani angekaa pale hadi jioni. Baba yake aliitazama saa.

"Wameshakuona, inatosha. Sasa tukaone wanavyoanika usipa."

Tukaenda kuona vichanja vya kuanikia usipa. Dagaa wale wembamba walikuwa wakimeta juani, harufu imetanda kila mahali, na wanawake waliokuwa wakiwageuza walitucheka tulivyosimama tukitazama kazi kama watu waliokuja kuikagua. Mmoja alimuuliza mume wangu kama anataka kununua au anataka kusaidia. Alinunua. Tuliporudi nyumba ya wageni, miguu yangu ilikuwa inawaka, lakini nilikuwa na amani, maana siku zake zilikuwa zimekwisha na iliyobaki ilikuwa yangu.

Tulikula kwenye kibaraza kinachotazama maji, jua bado liko juu kidogo. Niliuliza kwa furaha, si kwa shaka.

"Kesho ndiyo siku yangu?"

"Kesho mapumziko matupu," alijibu mume wangu, akimchambua samaki wake, mbasa, kwa vidole. "Tunashinda Kihagara kwa shangazi. Kuna kivuli kizuri pale, upepo wa ziwa, mtu analala hadi achoke."

Nilikiweka kijiko chini.

Shangazi huyo ni dada wa baba yake. Aliolewa akateremka ziwani akiwa msichana, akabaki huko hadi leo, mjane sasa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ananipenda nami nampenda. Nyumbani kwake mume wangu hutandikiwa mkeka barazani, huletewa maji ya kunawa, huulizwa habari za wazee wote wa Umatengo mmoja mmoja hadi usingizi umchukue. Mimi husalimia, hupewa kiti, hukaa kwenye kiti hicho muda wa kumaliza salamu, kisha hujifunga khanga na kuingia jikoni. Hakuna anayenituma. Mke wa mtoto wa kaka hawezi kuketi huku mwenyeji mzee anapuliza moto. Mara ya mwisho tulipokwenda nilipara samaki, nilitwanga mihogo mikavu, nilisonga ugali wa watu ambao idadi yao iliongezeka kila nilipochungulia nje, na nikaosha masufuria kwa mchanga hadi kucha zikaisha. Njiani kurudi mume wangu alijinyoosha kwenye kiti cha basi na kusema, kwa moyo mweupe kabisa, "Leo nimepumzika sana."

Nilimkumbusha sentensi hiyo. Hakuikumbuka.

"Lakini huko ni kusalimia tu," alisema.

"Wewe unasalimia. Mimi napika."

"Si mnapiga hadithi na shangazi jikoni? Nawasikiaga mnacheka."

"Tunacheka tukiwa tumeinama."

Aliacha kula. Kusema kweli hakuwa anabishana, alikuwa anapanga upya. Nilimwona akifanya vile afanyavyo lori linapoharibika na kijiji kizima kinangoja. Akapata njia.

"Shangazi ameshaambiwa tuko hapa, kuna mtu alituona bandarini. Hatuwezi kumaliza siku tatu Nyasa tukapanda kurudi nyumbani tusimsalimie, itakuwa aibu hadi kwenye misiba. Basi tufanye hivi. Wewe baki, pumzika. Mimi niende na mtoto, atasaidia jikoni."

Nilimtazama binti. Alikuwa na miaka kumi na tano, na tangu shule ifungwe hajawahi kuachwa alale hadi aamke mwenyewe. Mchana ule alikuwa ameniambia kwamba kesho atarudi kuwatazama samaki kwenye mawe yaliyo karibu, hapo ambapo maji yanafika magotini, na kwamba hataki kupigwa picha. Sasa aliichukua sahani yake, akaweka ya baba yake juu yake, na ya kwangu juu ya hizo mbili, ingawa dada wa nyumba ya wageni alikuwa amesimama mlangoni akingoja kuja kuziondoa.

"Nitakwenda tu, Mama," alisema. "Msigombane."

Sauti ile naijua. Ni ya kwangu, ya siku nilipokuwa mgeni katika ukoo huu, na ya mama yangu kabla yangu: laini, haina lawama, inafunga mjadala kabla mtu hajaombwa kitu. Niliisikia ikitoka kinywani mwa mtoto ambaye hata hajaposwa, nikaona kwamba siku niliyoiomba sikuwa nimeiomba vizuri. Niliiomba kama anayeomba ruhusa ya kwenda hospitali. Nikikubali aende badala yangu, nitakuwa nimelala mchangani juu ya mgongo wake.

"Weka sahani chini," nilimwambia. "Hatuendi. Si mimi, si wewe."

"Shangazi nitamwambia nini?" mume wangu aliuliza.

"Hutamwambia. Nitamwambia mwenyewe, sasa hivi."

"Mwalimu, subiri kwanza. Tulale nalo, tuamke nalo."

"Nikilala nalo nitaamka nimejifunga khanga."

Nilipiga simu pale pale kibarazani na kufungua sauti ili wote wasikie. Shangazi alipokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe wangu! Kesho mje mapema, jua likipanda samaki wanaharibika. Na kuku nimeshamfunga."

"Ndilo nililopigia, shangazi. Kesho mimi na mjukuu wako hatutafika. Atakuja baba yake."

"Hamtafika. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Mmegombana?"

Mume wangu aliinua mikono yote miwili, kama mtu anayepekuliwa.

"Hatujagombana."

"Una mimba?"

"Shangazi! Kwa umri huu?"

"Mungu haulizi umri. Sasa ni nini?"

"Nimechoka. Nataka nishinde hapa mchangani, nisifanye kitu."

"Si uje upumzike huku kwangu? Huku hakuna mchanga?"

"Huko nikija naingia jikoni."

"Nani amewahi kukutuma jikoni?"

"Hakuna. Hujawahi kunituma, shangazi. Na mimi sijawahi kukaa."

Nyuma ya shangazi nilisikia mtu akipasua kuni, na redio. Binti aliuma kucha. Mume wangu alikuwa akiitazama simu kana kwamba itamtemea mate.

"Mimi nimewapikia wakwe zangu hadi nikawazika," shangazi alisema hatimaye. "Sikuwahi kusema neno hili."

"Najua, shangazi."

"Wewe ni msomi."

Kwetu neno hilo si sifa kila mara. Nililipokea kama lilivyotupwa.

"Kuku atamngoja mumeo," aliendelea. "Lakini nimeumia, nisikufiche."

"Usinifiche. Pasaka nitakuja nikuone."

"Njoo kwanza," alisema, akakata simu.

Mume wangu alikwenda kutembea kwenye maji, suruali ameikunja, akarudi akakaa karibu yangu bila kusema kama nimekosea au nimepatia. Mimi mwenyewe sikujua. Nilijua kwamba mwanamke mzee niliyempenda alikuwa ameketi Kihagara akijiuliza amenikosea nini, na kwamba maneno yangu yangefika Mbinga kabla yangu, yakiwa yamenenepa njiani. Mara mbili nilikaribia kuishika simu nimwambie nimebadili mawazo. Niliikabidhi kwa binti aiweke chini ya mto wake.

Asubuhi mume wangu aliamka kabla ya sisi wote, kama kawaida yake. Nilimkuta kibarazani amevaa shati la kanisani, mfuko wa sukari na sabuni miguuni, dereva wa bodaboda anafuta kiti cha pikipiki kwa shati lake kuukuu.

"Mama haendi?" dereva aliuliza.

"Haendi," mume wangu alijibu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nikiulizwa, nasema nini?"

"Sema nilivyosema."

"Na nikimaliza kula?"

"Vyombo vikitolewa, nyanyuka uvifuate."

"Watanicheka, Mwalimu."

"Watakucheka. Osha hivyohivyo."

Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akapanda. Mfuko aliupakata. Pikipiki ilishika njia ya Kihagara na mlio wake ukaisha nyuma ya migomba.

Dada wa nyumba ya wageni alitoka na ndoo, akaniuliza kama aniletee chai na kama mtoto aamshwe. Nilimwambia chai ailete akipata nafasi, na mtoto amwache. Niliuchukua mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikashuka nao hadi mahali ambapo mchanga ulikuwa bado wa baridi, nikautandika, nikavua viatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisuuza sufuria ukingoni mwa maji alinisalimia na kuniuliza kama ni mgonjwa.

"Mzima kabisa," nilimjibu, nikajilaza.