Zainabo, Baiskeli na Beberu wa Wifi Yake

Zainabo wa badjia mnamjua. Kama umewahi kupita sokoni Palma asubuhi na njaa yako, umeshakula cha mkono wake. Ni yule mama mnene mwenye msiro usoni, ile poda nyeupe ya mti, anayekukaangia huku anakusema: umekonda, umenenepa, mbona huoi. Ana baiskeli nyeusi ya mumewe, ile ya chuma, nzito kama kabati. Huitumia kubebea ndoo ya badjia kutoka nyumbani mpaka sokoni, basi. Hiyo ndo ilikuwa safari yake ndefu kuliko zote.

Sasa mtu huyo ndo kaingia kwenye msafara wa baiskeli.

Watu walitoka Mocímboa da Praia, wakalala Palma, asubuhi wanakwenda Quionga. Wanachangisha taa za sola za wakunga wa vijiji vya huku juu, maana mtoto hachagui muda wa kuzaliwa, na tochi ya simu huzima mama akiwa katikati ya kazi. Kila mwendeshaji ana watu waliomwahidi kitu akifika. Wa Zainabo alikuwa mmoja tu, lakini mzito: Rachida, dada wa mumewe, anayekaa Quionga na baba yao.

Rachida alimtumia sauti ya WhatsApp. "Wifi yangu mpenzi, wewe na baiskeli? Si utaivunja! Haya, ukiingia kijijini umekaa juu ya tandiko, unakanyaga mwenyewe, Chefe ni wa wakunga, wakampige mnada. Ukija kwa gari au kwa miguu, mwaka mzima mi nakula badjia zako bure."

Chefe ni beberu. Rachida anamwogesha kwa sabuni. Watoto wake mwenyewe sijui kama waliogeshwa hivyo.

Kosa la Zainabo ni kwamba aliicheza ile sauti mbele ya soko zima. Baada ya hapo angerudi nyuma vipi?

Tukaondoka. Nasema tukaondoka, lakini mimi nilikaa nyuma ya carrinha, ile pikapu ya msafara, pamoja na maji na pampu, kwa sababu nina akili. Kiongozi alikuwa Teodoro, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Inhambane, mtu mzuri sana, tatizo kaptula yake. Ilimbana mpaka kina mama wa Palma wakageuza macho. Wengine hawakugeuza. Alikuwa na filimbi na sheria moja: ukisimama muda mrefu, carrinha inakubeba.

Zainabo alivaa suruali, juu yake kajifunga vitenge, capulana mbili. Kwenye mchanga alikuwa anakoroma kama pikipiki mbovu. Askari wa kizuizi cha barabarani walimpigia makofi, akawaambia, "Mnacheka nini? Njooni mnisukume!" Hawakuja. Akawa wa mwisho, lakini hakushuka.

Mpaka karibu na Quionga, minazi ya watu imeshaanza kuonekana, ndo nikamwona kashuka. Nikajua tairi. Teodoro akarudi anapuliza filimbi.

Haikuwa tairi. Mbele yake, katikati ya njia, alikuwa anatembea mzee Suleimane, baba mkwe wake, fimbo mkononi, taratibu kama anahesabu mchanga. Anaelekea kijijini, njia ileile.

Kwa wageni kama Teodoro nieleze. Baba mkwe hapitwi. Ukimkuta njiani unashuka, unachuchumaa, unamwamkia, unabaki nyuma yake. Kumpita umekaa juu ya tandiko, makalio yanapanda na kushuka mbele ya macho yake? Afadhali uhame wilaya.

Wenzake wote walishapita, hao si wakwe zake. Yeye alichuchumaa, magoti yakalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Mbona juani?"

"Aa, Rachida huyo. Kaniambia leo njiani kuna wageni, nitoke nikanyooshe miguu, nisirudi haraka."

Nilimwona Zainabo anafumba macho. Yaani Rachida kamtega mtu kwa baba yake mzazi! Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikawa sijui nifanye lipi.

"Dona Zainabo," Teodoro akasema, "zunguka huko kwenye majani, haraka."

"Kuzunguka si ndo kumpita, bwana?"

"Basi sobe! Panda carrinha, utakaa mbele na dereva."

"Sipandi."

Akaanza kusukuma baiskeli nyuma ya mzee. Sisi nyuma yake. Teodoro nyuma yetu, anakanyaga kidogo, anaanguka kidogo, maana mwendo ule baiskeli haisimami. Paa za kwanza za Quionga zikatokea. Hatua chache tena angeingia kwa miguu, Chefe abaki anaoga.

Zainabo akaita, sauti ndogo, macho chini. "Baba. Hamna cha kunituma nyumbani?"

Mzee akasimama. Hakugeuka. Nikaona mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Nina jasho," akasema. "Kimbia ukamwambie Rachida aniwekee maji ya kuoga motoni. Usinisubiri."

Aliyetumwa hampiti mtu, anatii. Mzee akasogea pembeni, akawa anaangalia minazi kama hajawahi kuona mnazi. Zainabo akapanda, capulana ikapepea, akapita kwa adabu zote huku anapiga kengele kama mwehu.

Rachida alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, cheko tayari. Lile cheko likamfia mdomoni.

"Wifi! Baba kasema weka maji motoni!"

"Baba? Umempita baba?"

"Sijampita. Kanituma."

Rachida alimtazama, akamtazama Chefe, akakaa chini palepale akacheka mpaka machozi, na nadhani nusu yake yalikuwa machozi ya kweli. Akaenda kufungua kamba.

Mzee alipofika, maji hayakuwepo.

"Nani kapuuza maneno yangu?"

"Namuaga beberu wangu, baba!" Rachida akasema. "Zainabo huyo ndo mkweo, awashe yeye."

"Mi kuchuchumaa jikoni leo tena?" Zainabo kashikilia ukuta, miguu imetanuka kwa tandiko. "Wifi, sahau. Washa mwenyewe."