Nyumba ya Mama na Sheria ya Kufilisika

Mwandiko wangu ni mbaya, na huenda herufi nyingine nimezikosea. Niliishia shule ya msingi na huandika polepole. Mniwie radhi.

Duka la baba hapa Nosy Be lilipofilisika, mtumishi wa mahakama, Mfaransa, alikuja kuandika mali. Akauliza nyumba ni ya nani. Baba akajibu, "Yangu." Kumbe kwetu sisi tuliotoka kisiwa cha Ngazidja, nyumba ni ya mke. Wajomba walimjengea mama kabla hajaolewa, baba akaingia na sanduku lake la nguo. Lakini kumwambia Mfaransa yule kwamba unakaa kwa mkeo, aliona haya. Mama alikuwa nyuma ya pazia, akanyamaza ili amsitiri. Basi nyumba ikatiwa kwenye mnada.

Mama aliniita. "Wewe Kifaransa unakisoma. Nenda mahakamani Mahajanga, katazame sheria yao inasemaje. Mnada hautungoji, mwanangu."

Nilipanda meli. Karani wa mahakama alinipa kitabu kinene, nami sikujua pa kuanzia. Nikaenda kurasa za mwisho, kwenye faharasa, nikatafuta kufilisika, kisha mke, nikasoma huku kidole kikinitangulia.

"We kijana," alisema karani, "unasoma au unaatamia?"

Wenzake wakacheka. Nilitamani kutoka. Walipoanza kufunga madirisha nikaiona: nyumba aliyokuwa nayo mke kabla ya ndoa haiuzwi kwa madeni ya mumewe, ila lazima ithibitishwe kuwa ni yake.

Nikaenda kwa mjomba wangu mkubwa, anayeishi hukohuko Mahajanga.

"Mawe ya nyumba ile niliyabeba mimi," alisema. "Nitakuja kushuhudia. Lakini shemeji yangu ameshasema ni yake. Ataweza kulimeza neno lake mbele yao?"

Nilirudi Nosy Be. Baba nilimweleza sheria, naye akageukia ukutani.

Mbele ya hakimu mjomba alisema yake. Kisha baba akaulizwa. Nilimwona mama akiuma ncha ya shiromani aliyojitanda.

"Ni ya mke wangu," baba akasema. "Mimi nilikaribishwa."

Nyumba ikaondolewa kwenye mnada. Tulipofika nyumbani baba alisimama mlangoni, hakuingia mpaka mama alipomwambia, "Karibu."

Kama kwenu sheria hii imewahi kuokoa nyumba ya mama, au imeshindwa, niandikieni. Nitajibu, ingawa nitachelewa.