Upindo wa Kanga

Mpaka leo nikisikia mpira wa soksi ukimpata mtu mgongoni, pu!, pua yangu inajiletea yenyewe harufu ya viazi karai na vumbi la uwanja wa shule yetu pale Ngamiani. Kila siku baada ya alasiri, Mwalimu Naomi alijifunga kanga juu ya sketi, akavua viatu na kuingia katikati kucheza rede nasi. Alikuwa Msambaa kutoka milimani, mwalimu wa hesabu, mama wa watoto wanne, na hakuona haya hata chembe. Kwa asiyeijua rede, wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira, na wa katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akiguswa, ametoka. Mwalimu alitwambia kuishi vizuri ni hivyo hivyo: ukingoja mpira utulie ndipo ujaze, utazeeka na chupa tupu. Sisi tulimcheka, maana aliyasema hayo huku akihema.

Nilipokuwa darasa la saba nikavunja ungo, na Bibi aliyenilea akanipiga marufuku kwenda uwanjani. Jioni nilikaa ukumbini nikisuka ukili wa mikeka, masikio yote yako nje, roho inaniuma. Ndipo Mwalimu akaja kubisha hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, karibu. Lakini kama umemfuata mwali, mwali hachezi tena. Mchezo wenyewe wamfunza nini, zaidi ya kukwepakwepa?"

"Njoo utazame, Bibi."

"Haya, nitakuja. Ukiijaza chupa, nakuachia umchukue. Usipoijaza, tusisumbuane tena."

Mwalimu akakubali mbiombio, kwa kuwa hapakuwa na mtoto aliyewahi kumtoa. Nami nikajihesabu nimesharudi uwanjani.

Kesho yake Bibi alikuja na kigoda chake, akakaa, buibui kalikusanya magotini, nami nikaketi pembeni yake. Waliorusha walikuwa Zuhura, rafiki yangu mwenye mkono mzito, na mwenzake mmoja. Mwalimu aliruka, akainama, akachota, akazunguka kama pia, na mchanga ukapanda hadi shingoni mwa chupa. Ilibaki konzi moja tu ya mchanga. Zuhura akarusha, mpira ukapita, watoto wakashangilia. Mwalimu akasimama wima, akaiweka chupa chini.

"Nimeguswa," akasema. "Upindo wa kanga."

Tulipiga kelele kwamba hakuguswa. Bibi akamwita Zuhura, akamuuliza kama alimpata. "Sikuona, Bibi," Zuhura akajibu, na wala hakuwa akidanganya. Mwalimu alikwishatoka, anatafuta viatu vyake. Nilimchukia siku ile, nisifiche. Niliona ameniuza kwa kipande cha kitambaa. Ahadi ni deni, Bibi akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, nilikuwa nimeshautwaa ukili wangu, Bibi akaniuliza mbona nimekaa. Nikamkumbusha kuwa Mwalimu alishindwa.

"Nilidhani mwafunzwa kukwepa," akasema, akiuchukua ukili mikononi mwangu. "Nenda zako. Ila ukiguswa, useme."

Uwanja ule siku hizi umeliwa nusu na vibanda vya maduka. Mimi nauza vitenge sokoni, na kila siku naona watu wazima wakiguswa mchana kweupe, kisha wanaendelea kujaza chupa zao kana kwamba hapakupita kitu. Kuna siku hunikatisha tamaa. Lakini nusu ya uwanja ingalipo, na binti yangu hucheza pale. Juzi nilikuwa nakaanga viazi, akarudi kanuna, uso umemvimba, akaniambia timu yao imeshindwa kwa sababu yake, kwani alitoka chupa ikikaribia kujaa.

"Nani alikuona ukiguswa?" nikamuuliza.

"Hakuna."

Nikageukia karai ili asione machozi yangu, nikamwongezea viazi kwenye sahani.