Mpimaji Akalishwa Kitini

Kazi yangu ni kupima jinsi nafsi za watu zinavyofanya kazi. Daktari akikuleta kwangu, nakukalisha kwenye kiti cha kijani, nasogeza boksi la tishu, kisha nakudadisi: unajijua wewe ni nani, unaelekea wapi, unaweza kuona uchungu wa mwenzako, na unaweza kuwa karibu na mtu bila kummeza wala kumkimbia? Kwa saa moja nishajua panapovuja. Nimebobea, sioni haya kusema. Nyumbani ndiko mambo yanakonishinda.

Wiki ile mdogo wangu, fundi friji, ninayeishi naye tangu mama yetu afariki, aliniambia amepata chumba mtaa wa pili na Jumamosi anahama. Dada mwingine angesema, "Jamani, usiniache." Mimi nilivua miwani nikamuuliza, "Unadhani unakimbia nini hasa?" Akaenda kulala. Nikajisemea, ala, huyu anaogopa ukaribu.

Kazini tuna utaratibu wetu: maswali mapya ya mahojiano hayamfikii mgonjwa kabla hatujahojiana wenyewe. Ijumaa zamu ikawa yangu. Wa kunihoji alikuwa mwenzangu tunayemwita Kimya, maana ukishajibu hasemi kitu, anakutazama tu mpaka unaropoka zaidi. Nilikaa kitini kifua mbele, nikitarajia maksi zote. Maswali ya kujijua nikayajibu kwa madaha.

"Nani anakujua kuliko wote?" akauliza.

"Mdogo wangu. Damu yangu yule."

"Mara ya mwisho ulimwambia lini jambo linalokuogopesha?"

Nikamweleza utoto wa mdogo wangu, msiba ulivyomgusa, na tabia yake ya kujifungia. Nilieleza vizuri, hata mikono ikawa inasaidia. Kimya akanitazama. Nikaongeza. Akazidi kunitazama.

"Dada," akasema kwa upole, "nimeuliza habari zako."

Kwa mazoea nikalishika boksi la tishu nikalisogeza upande wake. Akalirudisha kwangu.

Jioni nilikwenda nyumbani mbiombio. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti chumbani kwake, anapanga nguo na spana kwenye begi moja. Njia nzima nilikuwa nimejiapiza kusema neno la kweli. Nikafungua mdomo.

"Naona kama unahisi kwamba..."

"Dada, kliniki imefungwa," akasema bila kuinua kichwa.

Nikakaa juu ya begi ili asiweze kulifunga. Huo ndio ukomavu niliovuna baada ya masomo yote yale.

"Naogopa," nikasema. "Ukiondoka sijui nitakaaje humu peke yangu." Machozi yakanitoka, na pua nayo haikukubali kuachwa nyuma.

Akaacha kupanga. Akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa gotini kwangu, kama tulivyokuwa tukikaa utotoni.

"Mbona siku zote hukusema?"

"Nilikuwa nakupima."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikapata matumaini.

"Kwa hiyo huhami tena?"

"Nahama, dada. Ila ufunguo wa pili wa chumba changu utakaa kwako. Ukija, niulize kama nimekula. Usiniulize nahisi nini."

Nilitaka kubisha, na hoja nilikuwa nazo tele. Nikainuka, nikalibana begi kwa mikono yote miwili, afunge zipu.