Chupa Kichwa Chini

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Mwenye mgahawa Makambako huona mengi. Madereva wamewahi kukunjana mashati mbele yangu nami nikaendelea kugeuza chapati. Lakini fundi Agustino alinishtua, tena zaidi ya mara moja.

Agustino ni fundi waya. Kibanda chake kiko Lyamkena, mgongoni mwa mgahawa wangu, na anatengeneza nyavu za kuchomea mahindi, mitego ya panya, hanga za nguo. Mpole, lakini mbishi kuliko mbuzi. Kwao ni Uwemba, na kila Jumamosi hurudi kwa mkewe, Eufrasia. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kisha wa kushoto ukafuata. Hospitali wakamwambia ugonjwa ni wa kuishi nao, wakampa dawa. Watoto hawakuambiwa. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba amerudia ulanzi, mtu aliyeacha pombe zamani! Mmoja alithubutu kuyasema mezani kwangu, nikamwondolea sahani kabla hajamaliza kula.

Basi binti yake, Devota, akapata mchumba. Kijana anaitwa Steven, wa Ipelele, kule Makete. Siku ya wakwe kuja ikapangwa, na hapo Agustino akakosa usingizi. Katika ukoo wake, baba wa binti ndiye humimina glasi ya kwanza ya baba wa kijana, kwa mkono wake mwenyewe. Hamwachii mtu.

"Mama Luqmani," aliniambia, "nikimwaga mbele yao, watasema Devota ni mtoto wa mlevi. Watakunywa, wataaga vizuri, na hawatarudi tena."

Nilimwonea huruma, nikampa chai nusu kikombe, maana kikombe kizima hakukiweza.

Siku moja akaingia na kitu cha waya: pete ya kubana shingo ya chupa, na miguu mitatu iliyopindwa ili ishike ukingo wa glasi. Alichukua soda, akaifungua, akaifunika glasi juu yake, akabana waya wake, halafu akavikumbatia vyote na kuvipindua juu ya meza yangu. Povu lilipanda, likafurika, likamlowesha dereva wa lori suruali nzima. Nilimwambia maneno ambayo hapa sitayaandika. Yeye alikuwa anatazama waya tu.

"Shingo imekaa juu mno," akasema. "Na gesi haijapoa."

Aliishusha pete, akajaribu tena. Akaikunja miguu upya, akajaribu tena. Mwisho soda iliyopumzishwa kidogo ilishuka taratibu, ikafika katikati ya glasi, ikasimama. Chupa iko kichwa chini, imejaa, na haimwagi. Nilipiga funda moja, nayo ikakoroma na kujaza pale nilipopunguza. Nikasoma bismillahi.

"Umeitoa wapi akili hii?"

"Kwenye mianzi. Ujanani nilikuwa mgema. Mbeta, kile kikopo cha mwanzi, unaifunga penye mwanzi uliokatwa, ulanzi unajidondokea wenyewe. Hauhitaji mkono wa mtu."

Siku yenyewe nilikwenda Uwemba na glasi zangu nzuri. Wageni walifika na makoti yao ya baridi: Steven na baba yake, Mzee Abel, Oktavia, dada wa mzee huyo, na wazee wawili. Mama wa kijana hakuwamo. Mzee Abel alisema ana mafua, na nilimwona Eufrasia akinyong'onyea. Mama asiyekuja kuona mwanawe anaoa wapi, humwelewi.

Devota aliweka sinia la soda na glasi mezani. Agustino akasalimia, "Kamwene, mkwe," akabana waya wake, akavikumbatia chupa na glasi, akapindua, akaviweka mbele ya Mzee Abel. Hakuna tone lililomwagika. Nilitaka kupiga vigelegele.

Oktavia alisimama. "Kaka, tumepinduliwa chombo. Twende."

Kumbe katika ukoo wao, ukimpindulia mgeni chombo mbele yake, umemfukuza. Majuma yote yale tulipima povu, tukapima shingo, tukapima miguu, na hilo halikutupitia kichwani. Wazee walishaanza kufunga vifungo vya makoti. Steven alikuwa anatazama sakafu.

Agustino aliinua mikono yote miwili, akaiacha itetemeke mbele ya watu.

"Si hivyo, mkwe. Ni ugonjwa huu. Siwezi tena kumimina. Nimetengeneza hiki ili nisikuaibishe."

Eufrasia alijifunika uso kwa khanga. Devota aliketi chini pale pale alipokuwa.

"Tangu lini, baba?" aliuliza.

Mzee Abel hakuwa amesimama. Aliinama, akanywa funda. Chupa ikakoroma, ikajaza. Akanywa tena, akaugusa ule waya kwa kidole.

"Mama Steven hana mafua," akasema.

"Kaka," Oktavia alimkatiza.

"Niache niseme. Mikono yake ndiyo hiyo. Nikimpa maji, kikombe kinagonga meno. Siku hizi hanywi mbele ya mtu. Hata mbele yangu hugeukia ukutani. Kila nyumba ninayokwenda nasema ana mafua."

Mimi ninayesema sana, nilikuwa nimeshika sinia tupu na sijui nililichukua saa ngapi.

Mzee Abel aliichomoa chupa upesi, akaisimamisha mezani. Alifungua ule waya, akaufuta, akaufunga kwenye leso yake na kuutia mfukoni mwa koti.

"Hiki kinakwenda Ipelele," akasema. Akamaliza soda iliyobaki kwenye glasi, akamnyooshea Agustino ikiwa tupu. "Sasa nimiminie, mkwe. Kwa mkono huo huo."

Agustino alishika chupa. Ilikuwa inagonga ukingo wa glasi, na soda ikaenda mezani, ikaenda kwenye mikono ya lile koti. Mzee Abel aliishika glasi kwa mikono miwili, akawa anaifuata chupa kila inakokwenda, mpaka ikajaa.